Nyumba za Mawe: Funguo Ziko kwa Nani?

Kila masika yakiingia, habari ni ile ile. Mvua hunyesha siku tatu usiku na mchana, na siku ya nne mtu hupita barazani akasema kuwa nyumba fulani mtaani Mkomani, kule Lamu, imeshuka dari, au kwamba huku Mombasa, Kibokoni, ukuta umelala njiani. Watu hukimbilia kutazama. Mwenye simu hupiga picha. Wazee hutaja nani alizaliwa mle, nani aliolewa mle, nani alisomesha Kurani kwenye daka lile, kisha mmoja wao hutoa neno ambalo wote walikuwa wakilingojea: "Na serikali iko wapi?"

Sina ugomvi na swali hilo. Serikali ina wajibu wake na nitautaja. Lakini kwa miaka ambayo nimetembea vichochoro vya miji hii miwili na daftari mkononi, nimeona kuwa swali hilo twaliuliza mapema mno, kabla hatujaulizana sisi kwa sisi lile lililo zito zaidi: nyumba iliyoanguka ilikuwa ya nani, na funguo zake zilikuwa kwa nani?

Nyumba ya mawe ya Lamu si ya mtu mmoja, hata kama hati ina jina moja. Atembeaye Mkomani huliona hilo bila ya kuambiwa. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani yake. Boriti za huyu zimelalia mawe ya yule. Na pale ndia inapoingia gizani, juu kuna wikio, yaani chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili za ndugu, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka chini. Kwa hivyo gofu halikai peke yake. Nyumba ikihamwa na wenyewe, mvua huingia kwa juu, boriti huoza, dari hushuka, na ukuta uliokuwa umeshikwa na dari ile huanza kumwinamia jirani ambaye ametunza yake miaka yote. Jirani huyo hulipia uzembe wa watu ambao pengine hajapata kuwaona.

Na kutunza kwenyewe kwataka ujuzi. Nyumba hizi zilijengwa kwa vitu vitatu vilivyopatikana hapa hapa: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba wala na fundi. Uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko haibebi dari nzito kwa urefu zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kutoka daka hadi tekani, kutoka kiwanda chenye anga wazi hadi msana, na kutoka msana hadi ndani penye zidaka na nakshi za chokaa ukutani. Mgeni asiyelijua hilo hudhani wazee wetu walipenda kubanana.

Fundi mmoja mwashi, mtu mzima aliyeanza kazi kwa kubeba karai la chokaa akiwa kijana, alinionyesha ukuta mmoja uliopigwa saruji kwa nje. Ulipendeza kwa mbali. Alipougonga kwa kifundo cha kidole ukalia kama ngoma, maana saruji ilikuwa imeachana na jiwe.

"Ndugu yangu," akaniambia, "ukuta huu wanywa mai na kuyatema. Ukiupiga simiti umeuziba kanwa."

Maneno yake ni sahihi hata kwa kipimo cha wataalamu. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, nalo lilitoka baharini na chumvi yake. Unyevu hupanda kutoka ardhini. Chokaa huuacha unyevu utoke polepole ukakaushwa na upepo, saruji huuzuia. Chumvi basi hujikusanya nyuma ya saruji, na baada ya miaka michache saruji hubanduka, nayo haibanduki peke yake bali huondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo husema saruji ilikuwa haba, akaongeza! Tukiongeza na matangi ya maji tunayoyapandisha juu ya dari za mikoko, na vyoo vya kisasa vinavyovujia boriti miaka nenda miaka rudi, itatubidi tukiri kuwa mvua ya masika husingiziwa mengi.

Chokaa nayo si ya kununua dukani leo ukajengea kesho. Mawe hupangwa juu ya rundo la kuni lililofanywa duara, moto hutiwa, na jiwe likishaiva hunyweshwa maji, kisha chokaa huachwa ikae, na fundi mwenye subira huiacha miezi. Siku hizi matumbawe ya baharini yana haki ya kuachwa yaishi, kwa hivyo mawe ya magofu hutumika tena. Boriti hutoka kwenye mikoko ya kaunti ya Lamu, iliyo na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti nchi nzima, mkata mikoko alikosa riziki na dari za mjini zikakosa boriti. Hapo ndipo wengi walipotambua kuwa mtu aliye ndani ya mashua yake mkondoni na mtu aliyelala Mkomani wamo katika nyumba moja.

Sasa nije kwa serikali, na hapa nitakwenda mbio. Katika miaka ya sabini mtaalamu wa majengo kutoka Iraq, Usam Ghaidan, aliipima na kuiandika miji ya kisiwa kile, na kitabu chake juu ya Lamu kikatoka 1975. Gereza liliondolewa katika ngome ya Lamu mwaka 1984, na ngome ile, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1986 Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa rasmi kuwa wa kuhifadhiwa, na Mji wa Kale wa Mombasa ukafuata 1990. Lamu iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Fort Jesus ikaingia 2011. Sheria ya makumbusho na urithi tuliyo nayo ni ya 2006. Kwa karatasi, basi, tumehifadhiwa barabara. Karatasi hizo zina faida: zimezuia mengi ambayo yangalifanyika. Lakini sheria yaweza kumkataza mtu kuvunja; haiwezi kumtia hamu ya kutengeneza, wala haimpi pesa za boriti.

Kwamba vikundi vya watu wa mtaani vyaweza kufanya jambo, halihitaji ushahidi wa mbali. Mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, wa megawati 1,050, ulipewa kibali mwaka 2016. Wavuvi, wakata mikoko, wanawake, wazee, vijana wanaotembeza wageni, na walimu wa dini, kila kundi lenye jina lake na shughuli zake, walikuwa wamekwisha kujikusanya katika mwungano ulioitwa Save Lamu. Si kwamba walikuwa wakipendana siku zote. Mvuvi na mtembeza wageni wana manung'uniko yao ya zamani, na mji wa Lamu tangu enzi za Zena na Suudi haujapata kuwa mji wa neno moja. Lakini walikwenda mbele ya jopo la kitaifa linaloamua kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 kibali kile kikafutwa. Hoja kubwa iliyoshinda ilikuwa nyepesi kuieleza: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hebu tuishike hoja hiyo, msomaji mpenzi, tuigeuze upande wetu. Tulishinda kwa kusema kuwa wenye haki hawakuulizwa. Je, sisi wenyewe, katika kamati zetu za kuhifadhi mitaa, twawauliza wenye haki?

Nimekaa katika mikutano hiyo, Lamu na Mombasa. Aghalabu hukutana baada ya swala ya Alasiri, barazani au katika ukumbi wa msikiti. Wapo wazee wa mtaa, yupo mtu wa makumbusho, yupo fundi mmoja au wawili, wapo vijana wenye vitambulisho vya kutembeza watalii. Kahawa chungu hupita. Mazungumzo huwa mazuri kwa kweli, na mambo mengine hutengenezwa: takataka huondolewa, mfereji huzibuliwa, milango yenye nakshi huhesabiwa ili isiuzwe kwa siri. Yakifika kwenye nyumba yenyewe, husikia: "Tutazungumza na wenyewe." Mkutano hufungwa kwa Fatiha, na ufa hubaki pale pale.

Mombasa tatizo lina sura yake. Nyumba za Mji wa Kale, zile zenye roshani za mbao kuanzia Ndia Kuu hadi ndani ndani, nyingi zimekaliwa na wapangaji, na si chache ni za wakfu. Aliyeziweka wakfu alikusudia kodi iwalishe watoto wa madrasa, au iwake taa ya msikiti, au iwafae kizazi chake hadi kitakapokatika. Lakini kodi iliyowekwa zama za babu haitoshi leo hata kununua mlango. Mpangaji husema nyumba si yake, kwa nini aitengeneze? Msimamizi wa wakfu husema mpangaji halipi cha maana, atengeneze kwa nini? Sheria ya wakfu ya 1951 ilikaa na mzozo huo zaidi ya miaka 70, na mpya imepitishwa 2022. Natumai itasaidia. Hata hivyo nyumba niliyoiona ikitengenezwa Kuze haikungoja sheria. Wapangaji na wasimamizi walikalishwa pamoja na imamu, kodi ikapandishwa kidogo kwa ridhaa, na nyongeza yote ikaandikwa daftarini kuwa ni ya dari na si ya kitu kingine. Daftari likawekwa kwa mama mmoja mpangaji ambaye jamaa wote wanamwogopa. Haikosi nusu ya siri ilikuwa hapo.

Nitaje na misikiti, japo najua nikilitaja hili simu zitalia. Msikiti si makumbusho. Msikiti ni wa kuswaliwa, na watu wakizidi ni haki yao kuupanua. Lakini nimeona mfadhili akileta pesa kutoka mbali kwa sharti la kujenga upya, na kamati ikakubali kuvunja mihrabu iliyochongwa kwa mikono ya mafundi wetu, ili waweke marumaru kama za hoteli. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, umesimama hadi leo na watu wanaswali. Sijamsikia mwanachuoni aliyesema kuwa swala ya juu ya marumaru ina thawabu kushinda ya juu ya sakafu ya chokaa. Panapo haja ya kupanua, ipanuliwe upande, na mihrabu iachwe. Mafundi wa kufanya hivyo wapo, na kumwuliza mtu wa makumbusho kabla ya nyundo hakumpunguzii mtu imani.

Pesa nyingi nazo si dawa kwa nafsi yake. Wenzetu wa Unguja walikuwa na Beit al-Ajaib, jumba la 1883, kubwa kuliko yote, lililokuwa likitazamwa na ulimwengu na kutengenezwa kwa msaada wa Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, sehemu yake kubwa ilianguka na wafanyakazi wawili wakafa, Mungu awarehemu. Jengo likishachoka kwa miaka mingi, hata kulitibu ni hatari. Ndiyo maana boriti moja inayobadilishwa mwaka huu ina thamani kuliko ahadi ya jumba zima.

Lakini nirudi kwenye funguo. Katika baraza zile nilizozitaja, aliyekosekana ni mwenye nyumba, na sababu ya kukosekana kwake ni kuwa mwenye nyumba ni mwanamke. Lamu ilikuwa desturi, na kwa baadhi bado ni desturi, baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa. Akiwa na binti wa pili, alijenga ghorofa juu ya ya kwanza, au upande wa pili wa ndia, na hilo wikio likawaunganisha. Mume alihamia kwa mke. Mtaa mzima wa Mkomani ukiutazama kwa jicho hilo, ni shajara ya akina mama na binti zao iliyoandikwa kwa mawe. Na sisi twakutana msikitini kuamua juu yake!

Bi mkubwa mmoja wa mtaa huo, aliyeniomba nisimtaje, alinikaribisha katika msana wa nyumba yake. Nilimpa shikamoo, akaniuliza mama yangu alikuwa nani, alipotosheka akanijibu niliyotaka.

"Kamati ilikuya, mwanangu," alisema. "Ikazungumza na mpwa wangu pale nje. Mpwa wangu hana hata jiwe moja humu."

Ndani ya nyumba hiyo mna hesabu. Aliyepewa nyumba ni mama yake. Alipofariki aliacha mume, wana watatu wa kiume na binti wawili. Kwa faraidhi, mume ana robo, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume sehemu mbili za mwanamke. Nyumba ikagawika hisa 32: mume 8, kila mwana wa kiume 6, kila binti 3. Baadaye mume naye akafa, na wawili kati ya wana wa kiume, na kila mmoja ana wake na watoto. Hivi leo warithi wako Lamu, Mombasa, Nairobi, Muscat na London. Sheria ya mirathi haina kosa. Kila mtu amepewa haki yake kwa uadilifu. Kosa ni letu tunaokaa na nyumba bila ya kugawa, kuuza wala kununuliana hisa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kulitaja jambo hilo huonekana ni kukosa adabu. Akitokea mgeni mwenye pesa, yule ambaye hakulala humo hata usiku mmoja ndiye anayetaka iuzwe upesi. Wageni wengi wamenunua nyumba Lamu na Shela, na wengi wao, tuseme kweli, wamezitengeneza vizuri kuliko sisi. Lakini nyumba iliyotengenezwa ikafungwa miezi tisa ya mwaka haina mtoto wa kwenda chuoni wala jirani wa kuazima chumvi.

Kilichobadilika katika nyumba hii ni kwamba wanawake wa mtaa, ambao wana kikoa chao cha kuchangiana kwa zamu katika harusi na misiba, waliamua kuingiza zamu ya dari. Hawakuanza na fundi. Walianza na majina. Wajua nani ni mtoto wa nani, nani alinyonyeshwa na nani, nani aligombana na nani mwaka gani, na kwa siku chache wakawa na orodha ya warithi ambayo wazee wa kamati hawakuipata kwa miaka. Simu zikapigwa. Kadhi akaombwa ushauri juu ya hisa. Kisha ndipo wakaiita kamati, na safari hii kamati ilikaa kwenye daka, wao wakiwa tekani, mlango wazi, kila upande ukisikia wa pili. Mtu wa makumbusho alieleza nini kisiguswe. Vijana walijitolea kubeba mawe ya gofu la karibu. Fundi wangu wa chokaa alihesabu boriti: zilizooza ni 23.

Mapatano yaliandikwa kwa mkono, nami niliyaona. Vyumba vya chini vitapangishwa kwa mwalimu mmoja na aila yake. Kodi haitagawanywa kwa warithi mpaka dari ya juu ikamilike. Anayetaka kuuza hisa yake atawauzia kwanza wa ndani ya nyumba, kwa bei itakayopimwa na watu wawili waaminifu. Kikoa kitakopesha pesa za boriti 10 za mwanzo, zirudishwe kwa kodi. Chokaa imekwisha kutiwa maji, imefunikwa kwa magunia pembeni mwa kiwanda, na mtoto yeyote anayeisogelea hupigiwa kelele na nyumba tatu kwa pamoja.

Warithi wote wametia saini isipokuwa mmoja aliyeko Muscat, mwenye hisa 6. Alipelekewa karatasi na jamaa yake aliyesafiri. Bi mkubwa amempigia mara mbili; mara ya kwanza alisema atafikiri, mara ya pili simu ilipokewa na mkewe. Fundi anasema boriti zipandishwe kabla ya masika. Bi mkubwa amesema atapiga tena Ijumaa, baada ya swala, wakati mtu anapokuwa na moyo mlaini.